Tumebaki na Misiba, Ngoma Tumemwachia Mgeni Rasmi

Leo naomba tuongee habari za kucheza. Najua wapo watakaosema huyu kijana amekosa cha kuandika. Mtu anatoka Ludewa, wilaya yenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, miradi tunayoisikia tangu tuko darasa la kwanza, halafu anakuja kutuandikia ngoma! Jamani, chuma na makaa ya mawe naviandika kazini, mhariri akiniruhusu. Hapa ni barazani kwangu, na barazani mtu huongea lililomkaa moyoni.

Lililonikaa ni hili. Sisi watu wa Ludewa tunaoishi Dar es Salaam tuna kundi letu la WhatsApp, kama mlivyo nalo ninyi wa Rombo, wa Muleba na wa Newala. Juzi niliamua kupitia ujumbe wa nyuma, miezi kama sita hivi, nikitafuta namba ya mtu. Nikajikuta nasoma yote. Msiba. Mgonjwa yuko Muhimbili, tuchangie. Msiba. Mwili unasafirishwa kesho alfajiri, gari itapita Makambako hadi Njombe, ndugu wanaokwenda wajiandikishe. Kadi ya harusi, mtu mmoja elfu hamsini, wawili laki moja. Msiba tena. Katika miezi sita yote hakuna aliyeandika: jamani Jumamosi tukutane, tule, tucheze, turudi makwetu.

Sipingi kuzikana. Mtu asiyezikwa na wenzake ana hasara kubwa, na mimi nimechangia na nitaendelea kuchangia. Lakini mnalijua lile neno tunaloambiana kila tukionana mjini: "Aisee, siku hizi tunakutana misibani tu!" Tunalisema tukicheka, tunashikana mikono, kila mtu anapanda daladala yake. Mimi naona ni neno la kutisha. Watu waliozoea kukutana kwa kilio peke yake, ipo siku wataanza kukwepana, kwa sababu kila simu ya mwenzako ni habari mbaya au ni mchango.

Hoja yangu ya leo ni fupi. Kucheza pamoja ni kazi ya jamii, kama kuzika pamoja. Zamani kazi hizo mbili zilifanywa na chama kimoja. Sisi tumeshika moja, ile nyingine tumeiacha kwa watu wa jukwaani.

Tuanzie mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Ofisini ninaye mwenzangu wa dawati la michezo, mgonjwa wa Argentina kwa sababu ya Messi. Kwenye simu yake kila kitu ni Argentina. Siku moja akanionyesha video ya tango. Nikajua ni yale ya kwenye sinema: mwanamke mwenye gauni lililopasuliwa, mwanaume mwenye ua mdomoni, miguu inarushwa hadi usawa wa kichwa. Hapana. Ulikuwa ukumbi wa kawaida mjini Buenos Aires, taa za kawaida, meza zimepangwa pembeni. Mzee mwenye kitambi kamkumbatia binti ambaye kwa umri ni mjukuu wake. Mama mwenye miwani kafumba macho, kalaza shavu kwa kijana mwembamba. Wote wanazunguka ukumbi taratibu, kinyume na mwendo wa saa, kama maji kwenye sufuria unayokoroga. Hakuna jukwaa wala anayepiga makofi. Nikavutiwa, nikaanza kusoma.

Kumbe mkusanyiko ule una jina, unaitwa milonga, na una taratibu zake. Muziki unapigwa kwa mafungu ya nyimbo tatu au nne. Ukianza fungu na mtu, desturi ni kulimaliza naye. Kisha unapigwa muziki mfupi wa aina nyingine, kila mtu anarudi kwenye kiti chake, na jozi zinapangwa upya. Kumwomba mtu mcheze hakuhitaji maneno. Unamtazama kutoka mbali, naye akikutazama unatikisa kichwa kidogo. Akigeukia pembeni, yameisha, hakuna aliyeaibika mbele za watu. Hatua hazikaririwi kama gwaride, wawili wanazitunga palepale kwa kusikilizana vifua. Kwa hiyo katika usiku mmoja mtu anaweza kukumbatiana na wageni kumi, fundi umeme na daktari na mstaafu, akarudi nyumbani bila hata kuwajua majina.

Na hawa watu wa tango hawakuanza kwa heshima. Tango ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye mitaa ya maskini ya Buenos Aires na Montevideo, pande mbili za mto La Plata. Walikuwapo Waafrika waliobaki kutoka enzi za utumwa, wahamiaji kutoka Italia na Hispania waliokuja kutafuta maisha, na watu wa mashambani walioingia mjini. Matajiri wa Argentina waliiona ni uchafu, mpaka ilipofika Paris na kupendwa, ndipo nao wakaipenda! Mwaka 2009 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa maombi ya Argentina na Uruguay kwa pamoja.

Kuna kisa kimoja cha tango kilichonirudisha moja kwa moja Ludewa. Mwaka 1913, tango ilipokuwa imeipagawisha Ulaya, Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alipiga marufuku maofisa wake kuicheza wakiwa wamevaa sare. Aliona inashusha hadhi ya jeshi. Sasa Kaiser huyohuyo ndiye aliyekuwa na askari kwetu. Manda, bandari yetu kwenye Ziwa Nyasa (ndugu zetu wa Malawi wanaliita jina lingine, leo tusigombane), Wajerumani waliiita Wiedhafen. Kusini yake, Liuli, ndiko meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilikoishambulia meli ya Wajerumani Agosti 1914, vita vikuu vilipoanza tu. Kaiser hakutaka sare iguswe na ngoma. Watu wa ziwani walifanya kinyume chake. Waliitazama sare, filimbi, gwaride na vyeo vyake, wakavitengenezea ngoma. Ngoma hiyo ni mganda.

Kwa asiyeujua mganda nieleze. Wanaume wanajipanga mistari, wengi kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu na viatu. Kuna ngoma kubwa inayosikika mbali, kuna sauti za kuimba, kuna kiongozi mwenye filimbi. Akipuliza, mstari mzima unageuka, unainama, unapiga hatua ndogo za madaha kama mtu anayejua kwamba anatazamwa na mchumba. Akina mama nao wana kioda, wengine husema kihoda, mistari yao, nyimbo zao, umaridadi wao. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, ndugu yake mganda anaitwa malipenga. Maji yale hayakuwahi kuzuia ngoma kuvuka.

Wanahistoria wanasema mganda ni wa ukoo wa beni. Beni ilianza kwenye miji ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890. Vijana wa Kiswahili waliona bendi za kizungu, wakaunda zao, wakashindana kwa nyimbo, mavazi na karamu. Ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam, yakawepo makundi ya Marini na Arinoti, yakiwa na matawi mji hadi mji. Askari na wapagazi wa vita ile kuu wakaibeba hadi bara. Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Huko Zambia, kwenye migodi ya shaba, ndugu mwingine wa ukoo huo aliitwa kalela, naye kaandikiwa kitabu na J. Clyde Mitchell, mwaka 1956.

Jambo lililonishtua katika habari za beni ni hili: vile havikuwa vikundi vya burudani tu. Walikuwa na kingi wao na maofisa wao. Walichangishana. Mwanachama mgeni akifika mji asioujua, alipokelewa na wenzake wa kundi lake. Akiugua walimtazama, akifa walimzika. Yaani hilo kundi letu la simu, la michango na jeneza na gari la kupita Makambako, babu zetu walikuwa nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tofauti ni moja tu. La kwao lilikuwa linacheza.

Na ukitafakari utaona kwa nini liliweza kuzika. Huwezi kumlazimisha mtu ampende jirani kwa barua ya kamati. Lakini ukisimama naye mstari mmoja jioni ishirini mfululizo, mkikosea pamoja, mkicheka, mkipatia, siku ya shida hutaulizwa mara mbili. Mguu umeshamjua mtu kabla akili haijaanza kuhesabu gharama.

Mimi nimekulia juu, kwenye baridi, kule ambako maji ya mianzi yanagemwa masika na kuwa ulanzi, na nguo ya asubuhi ni sweta. Lakini mama yangu ni mtu wa ziwani, na likizo tuliteremshwa kwa bibi. Kule vijiji vingi vimebanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji, na usafiri wa uhakika ni chombo cha majini. Kundi la mganda la kijiji kingine likialikwa, lilikuja kwa mtumbwi na boti. Tulikuwa tunasikia ngoma kabla ya kuona watu. Bibi na wenzake walikuwa wameshaamka usiku, ugali wa muhogo, usipa, mbasa kwa wale wakubwa. Wageni wanalala kwenye nyumba za wenyeji. Wanacheza, wenyeji wanatazama kwa jicho kali, wanakosoa soksi za mtu, wanakosoa wimbo. Mwezi unaofuata wenyeji ndio wageni, zamu ya kukosolewa ni yao. Watazamaji walikuwapo, nisiwadanganye. Lakini mtazamaji wa leo alikuwa mchezaji wa kesho, na deni la karamu lilikuwa halijaisha upande wowote. Vijiji vinavyodaiana ngoma huwa havisahauliani. Ndoa ngapi zilianzia pale, ugomvi gani wa nyavu uliishia pale, mniulize nisiyamalize.

Sasa njooni tuone ngoma iko wapi leo.

Kazi yangu inanipeleka kwenye ziara za viongozi. Katika mojawapo, wilaya nisiyoitaja, kikundi cha ngoma kiliambiwa kifike uwanjani saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa tisa. Kina mama wamekaa juani na njuga miguuni, watoto mgongoni. Msafara ulipoingia, mshereheshaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono, hivyo tunaomba ngoma dakika mbili tu. Wakacheza dakika mbili. Mgeni rasmi akatikisa kichwa, akapiga makofi, akatoa noti, akaenda kuzindua alichokuja kuzindua. Wale akina mama wakavua njuga. Nikamuuliza mmoja, "Shikamoo mama, lini tena mtacheza?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu, akija mwingine."

Akija mwingine! Yaani ngoma ya kijiji inasubiri mgeni ndipo ipigwe. Wenyeji hawaipigi kwa ajili yao wenyewe, na vijana wa pale, ambao si wajinga, wameshaisoma hali. Wanajua ngoma ni kitu cha kumpokelea mtu mkubwa, kama zulia jekundu. Kijana gani anataka kujifunza kuwa zulia?

Nikitafuta mahali ilipoanzia, namkuta Mwalimu Nyerere, na namkuta kwa heshima. Desemba 10, 1962, akihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri mpya, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwakumbusha wasomi wa wakati ule kwamba wengi wao wanajua kucheza rumba, twist, waltz na foxtrot, kisha akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata wamewahi kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Swali lile lilikuwa zito na lilistahili kuulizwa. Jibu tulilolitoa kama taifa lilikuwa kikundi cha ngoma cha taifa, kisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa, na vikundi vya utamaduni kila mahali. Tulipata wasanii hodari sana, sina ubishi. Lakini Mwalimu aliuliza wangapi tunaweza kucheza. Sisi tukajibu kwa kuwatafuta wachache watakaotuchezea.

Na kuna kitu kingine ambacho mganda unatufundisha kuhusu mjadala ule wa asili na kigeni. Mganda ni wa asili au wa kigeni? Una filimbi ya jeshi, una soksi za mkoloni. Halafu nenda kamwambie mzee wa Manda kwamba ngoma yake ni ya Mjerumani, uone atakavyokufukuza. Dansi nayo ni hivyohivyo. Vilabu vya mijini miaka ya 1930 vilicheza foxtrot na waltz na hata hiyo tango, Dar es Salaam Jazz Band ikaanza 1932, santuri za Cuba zikaingia, na Salum Abdallah kule Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba bila aibu yoyote. Mwisho wake nini? Bendi zikaenda kuchota mitindo kwenye ngoma za Wazaramo, NUTA Jazz wakawa Msondo, Mlimani Park, walioanza 1978, wakawa Sikinde. Mtu anayesema hii yetu, hii yao, atapata tabu sana kuchora mstari. Mimi kipimo changu ni kingine. Nauliza: ngoma hii watu wanaicheza, au wanaitazama? Ikiwa inachezwa na shangazi, fundi baiskeli, mwalimu na mtoto wa darasa la tano, ni yetu, hata kama ilishuka kwenye meli.

Ndiyo maana nina imani kwamba hatujafa bado. Ushahidi wangu ni kwaito ya harusini. Mnaijua. Mshereheshaji kashaongea saa tatu, keki imekatwa, kamati imetambulishwa hadi mweka hazina msaidizi, watu wamesinzia mbele ya chupa za maji. Ghafla DJ anaweka ule wimbo. Mtu mmoja anasimama katikati ya ukumbi, anaanza hatua: kulia, kulia, nyuma, geuka. Wa pili anamfuata. Ukifumba na kufumbua kuna mistari sita, mama mkwe kashika viatu mkononi, meneja wa benki yuko nyuma ya mlinzi wa getini, wote wanageukia upande mmoja, na anayekosea anasukumwa kwa kicheko mpaka apatie. Hakuna aliyewafundisha darasani. Nyimbo zilitoka Afrika Kusini pamoja na jina lenyewe, mistari tumeipanga wenyewe. Mimi nikiiangalia naona kabisa mganda: mstari, kugeuka kwa pamoja, madaha. Ule ndio wakati pekee katika harusi ya mjini ambapo wageni wa meza namba 14 wanajuana na wa meza namba 3. Na huwa ni dakika kumi, kisha ukumbi unafungwa.

Tulipe laki moja kwa dakika kumi za furaha! Hesabu hii haijakaa sawa.

Najua yapo ya kunijibu, na mengine ni mazito. Zito kuliko yote ni la afya. Mkoa wetu wa Njombe umeumizwa na UKIMWI kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulitupa asilimia 14.8, na ule wa 2022/23 ulitukuta tena juu ya orodha, asilimia 12.7. Nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tunazijua kwa majina. Kwa hiyo mzazi wa Ludewa akisikia neno ngoma, anawaza disko la usiku, kilabu cha ulanzi, binti asiyerudi. Simlaumu. Lakini tazama tumezuia nini na tumeacha nini. Kilabu kipo, disko lipo, giza lipo palepale. Kilichoondoka ni ile ngoma ya saa tisa mchana, uwanjani, mbele ya bibi na katekista na mwenyekiti wa kijiji, ambapo kijana aliweza kumtazama binti na kila mtu akaona kwamba amemtazama. Sidai kwamba mganda unatibu chochote. Nasema tumewanyima vijana furaha ya hadharani, kisha tunashangaa wanaitafuta mafichoni.

La pili ni la dini. Wachungaji na mapadri wengi wa zamani waliitazama ngoma kwa wasiwasi, na wapo waumini wanaoiona hivyo hadi leo. Mimi nasali, na naheshimu dhamiri ya mtu. Ila naomba tu wanaonikosoa wakaangalie kwaya zetu zinavyoingia kanisani siku ya sikukuu, mguu kwa mguu, sare moja, wote wanageuka pamoja. Halafu turudi kuongea.

La tatu ni la vijana wenzangu wasomi: eti ni ushamba. Huyu ndiye ninayetaka kugombana naye. Mhitimu mwenzangu yuko tayari kulipia darasa la salsa hotelini, na akienda Buenos Aires ataomba afundishwe tango na wazee wa pale, apige picha. Sina tatizo na salsa, natamani hata mimi nijue tango. Lakini wale wazee wa Buenos Aires wameweza kumfundisha mgeni kwa sababu kwanza waliendelea kucheza wao kwa wao, Jumanne usiku, bila mgeni rasmi. Ndicho kitu tunachokwenda kukitazama kwao. Kwetu mzee anayejua filimbi ya mganda inamaanisha nini akigeuza mstari, anaondoka na filimbi yake, nasi tunakuja kumchangia jeneza.

Kwa hiyo napendekeza nini? Mambo madogo tu, yasiyohitaji bajeti ya wizara.

La kwanza, vyama vyetu vya watu wa nyumbani mijini, mara mbili kwa mwaka, viite watu bila msiba wala harusi. Kiwanja, ngoma moja, sufuria la chakula, watoto waje. Atakayejua kioda aongoze, wasiojua wajipange nyuma. Nakuhakikishia mchango wa msiba unaofuata utakusanywa bila simu za kukumbushana.

La pili, kamati za harusi. Kateni hotuba. Mtambulisheni mweka hazina msaidizi kwenye kadi, muda wake mtupe sisi tucheze.

La tatu, viongozi wetu. Mheshimiwa, ukikuta ngoma uwanjani, shuka uingie kwenye mstari. Ukikosea hatua tutakucheka, nawe utacheka, na pengine hiyo ndiyo sehemu ya ziara ambayo kijiji kitaikumbuka. Kama huna muda wa kucheza, usiwaweke kina mama juani tangu saa tatu.

La nne linatuhusu sisi wa umri wangu. Desemba wengi tutapanda basi, tutashuka Njombe na baridi yake, wengine tutaendelea hadi Ludewa, wengine hadi ziwani. Tunapokwenda huwa tunabeba sukari, sabuni na vitenge, jambo jema. Safari hii, tukishatoa shikamoo na kupokea chakula, tumwombe bibi au babu kitu ambacho hatujawahi kumwomba: atufundishe ngoma moja. Moja tu, tangu hatua ya kwanza mpaka tuipatie. Tusimtolee simu kumpiga picha kwanza. Tusimame nyuma yake, tumfuate.

Soksi nyeupe zinauzwa Makambako stendi. Nimeshaulizia bei.